Wikendi ya Mapumziko Mombasa: Anza na Mwezi, Malizia na Tiketi

Mtu anayetoka Nairobi Ijumaa alasiri na kurudi Jumapili ana takriban saa arobaini za kuwa Mombasa, na sehemu kubwa ya saa hizo ataipitisha usingizini. Hesabu hiyo ndiyo ninayomwomba kila anayetaka kupumzika aiandike juu ya karatasi kabla ya kuandika kitu kingine chochote, kwa sababu wengi wetu hupanga safari ya siku mbili kana kwamba ni ya siku saba. Safari yangu ya kwanza ya aina hii niliipanga hivyo. Nilitaka niione Ngome ya Yesu asubuhi, niogelee Diani adhuhuri na nile chakula cha jioni Mtwapa, yote Jumamosi moja, nikajikuta nimepanga foleni ya feri ya Likoni mara mbili jua likiwa la utosini, chakula cha mchana nimekila saa kumi ndani ya gari, na Jumatatu nimeingia kazini nikiwa nimechoka kuliko nilivyoondoka.

Tangu wakati huo nimeifuata njia nyingine, nayo ni kuupanga muda kwa kufuata maji, jua na upepo, kisha kuchagua mambo machache yanayokaa vizuri ndani ya saa hizo. Mwongozo huu unahusu mji wa Mombasa pekee, yaani kisiwa chenyewe na upande wa Nyali. Diani, Watamu na Lamu ni safari zinazostahili siku zao.

Hatua ya kwanza: chagua tarehe kwa kuutazama mwezi

Watu huanza na bei ya hoteli. Anza na bahari, kwa kuwa ndiyo unayoifuata, na bahari ya Mombasa ina saa zake. Maji hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku huchelewa kwa kiasi cha dakika hamsini kuliko jana yake. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni wakati wa bamvua, ambapo tofauti kati ya maji yaliyojaa na yaliyokupwa huweza kuzidi mita tatu, na ufuo uliouona umejaa maji hadi kwenye ukuta wa hoteli huwa uwanja wa mchanga na mawe baada ya saa sita. Mwezi unapokuwa nusu huwa ni maji mafu, ambayo hayajai sana wala hayakupwi sana.

Mvuvi yeyote atakwambia bila kutazama saa kwamba, siku za bamvua, maji ya Mombasa hujaa kwenye saa kumi au saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na hukupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi. Wakati wa maji mafu mambo hugeuka, yakawa yamejaa asubuhi hiyo hiyo ya saa nne na yamekupwa alasiri. Anayefuata kalenda ya Kiislamu ana jedwali la maji mkononi tayari, kwa maana tarehe mosi na tarehe kumi na tano ni bamvua, na tarehe saba au nane na ishirini na mbili au ishirini na tatu ni maji mafu. Asiyeifuata atapata majedwali ya maji ya bandari ya Kilindini kwenye intaneti.

Maana ya haya kwa wikendi yako ni kubwa. Ukienda wakati wa bamvua, asubuhi ni ya kutembea juu ya mwamba ulioachwa wazi na kutazama vidimbwi vyenye samaki wadogo, na kuogelea ni kazi ya alasiri. Ukienda wakati wa maji mafu, ogelea asubuhi, kisha jioni utembee ufuoni kadiri miguu itakavyotaka. Mimi huchagua wikendi iliyo karibu na mwezi mpevu kila ninapoweza. Maji huwa yamejaa alasiri, na kwa kuwa ufuo wa Mombasa unatazama mashariki, jua likizama nyuma ya mji mwezi huchomoza baharini karibu wakati ule ule, mwekundu kwanza, kisha wa manjano, ukiacha njia ya mwanga juu ya maji hadi miguuni pako. Anayetarajia kuliona jua likizama baharini ajue mapema kwamba hapa halizami baharini. Aamke kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, atalikuta likijiandaa kuchomoza.

Kuhusu msimu, miezi ya Julai na Agosti ndiyo yenye hewa nzuri zaidi, kwa kuwa kusi huvuma na joto la mchana hukaa kwenye nyuzi 27 au 28. Februari na Machi, mwishoni mwa kaskazi, joto hupita nyuzi 32 na usiku hautulizi sana, ingawa bahari huwa shwari na maji safi. Masika huanza Aprili, na Mei ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote, lakini ndio pia wakati vyumba vinapopatikana kwa bei ya chini na mji hauna msongamano wa wageni. Epuka wiki ya Krismasi, Pasaka, Idi na katikati ya likizo za shule, isipokuwa kama unawafuata jamaa. Wakati wa Ramadhani mikahawa mingi ya Mji wa Kale hufungwa mchana, na mji huchangamka baada ya futari. Anayejua kulala mchana na kukesha kidogo anaweza kuupenda mno mwezi huo.

Hatua ya pili: kata tiketi kabla ya kutafuta chumba

Nafasi za treni za Ijumaa na Jumapili huisha upesi kuliko vyumba, kwa hiyo utaratibu wa busara ni tiketi kwanza. Treni ya Madaraka Express, iliyozinduliwa tarehe 31 Mei 2017, hutoka kituo cha Nairobi kilichoko Syokimau mara tatu kwa siku, saa mbili asubuhi, saa tisa alasiri na saa nne usiku, na kutoka Mombasa vilevile. Treni ya asubuhi husimama katika vituo vya njiani na huchukua takriban saa sita, ilhali ile ya alasiri huchukua saa tano na ushei. Nauli iliyoanza kutumika Januari 2024 ni shilingi 1,500 kwa daraja la kawaida na 4,500 kwa daraja la kwanza, na hulipwa kwa simu. Soma saa kwenye tiketi kwa makini, kwani huandikwa kwa mtindo wa saa 24, na nimeshuhudia mtu aliyeona 15:00 akafika kituoni saa kumi na moja jioni.

Kwa mapumziko ya siku mbili napendekeza treni ya Ijumaa saa tisa alasiri na ya Jumapili saa tisa alasiri. Ndiyo, itakubidi uombe ruhusa ya nusu siku kazini, na uiombe wiki mbili kabla. Treni ya usiku hufika Mombasa kabla hata ya adhana ya alfajiri, saa ambayo hakuna mwenyeji wa hoteli anayekungoja kwa furaha, na Jumamosi yote utakuwa ukiulipa usingizi uliokukosa. Fika Syokimau angalau saa moja kabla, kwa sababu mizigo hukaguliwa mara zaidi ya moja. Utaambiwa uupange mzigo wako chini kwenye mstari pamoja na ya wengine ili mbwa wa ulinzi wapite wakiinusa, kisha utaupitisha kwenye mashine. Mzigo mmoja mdogo hupita huko kwa amani, na masanduku matatu hayapiti.

Ndege huchukua takriban saa moja angani, lakini ukihesabu njia ya kwenda uwanjani na kungoja, akiba ya muda si kubwa kama inavyodhaniwa. Anayetoka Kisumu au Eldoret ndiye anayefaidika nayo kweli.

Hatua ya tatu: chagua upande mmoja ulale hapo usiku wote miwili

Mombasa mjini ni kisiwa, na kila anayekaa humo hujifunza kuheshimu milango yake, yaani Makupa kuelekea bara, daraja la Nyali kuelekea kaskazini na kivuko cha Likoni kuelekea kusini. Kila mlango una msongamano wake na saa zake. Ndiyo maana nasema chagua upande mmoja. Kama unachotaka ni bahari ya kuogelea, lala Nyali. Kama unachotaka ni mitaa, misikiti ya kale, kahawa na mazungumzo, tafuta nyumba ya wageni Mji wa Kale, ukijua kwamba ngazi ni nyembamba na ndefu, na kwamba adhana ya alfajiri itakuamsha. Kuhamia chumba kingine Jumamosi, jambo ambalo watu hulifanya ili waonje pande zote mbili, hukula nusu ya siku katika kufunga mizigo, kulipa, kungoja chumba kisafishwe na kufungua mizigo tena.

Kabla ya kulipa, piga simu uongee na mtu, na umuulize maswali manne. La kwanza, dirisha la chumba linatazama wapi? Kusi na kaskazi zote huvuma kutoka upande wa bahari, kwa hiyo chumba kinachotazama mashariki na chenye madirisha mapana hupata upepo mwaka mzima, na chumba kinachotazama ua wa nyuma kitakutegemeza kiyoyozi usiku kucha. La pili, maji ya bomba ni matamu au ya chumvi? Maji ya mfereji Mombasa hayatoshi, na majengo mengi hutumia ya kisima, ambayo hayana madhara kwa kuoga lakini sabuni haitoi povu na nywele hukakamaa, kwa hiyo mwenye kujali nywele zake achukue hadhari. La tatu, kuna chandarua na feni? Pwani kuna mbu na malaria. La nne, kutoka mlangoni hadi kwenye mchanga ni dakika ngapi kwa miguu? Mimi niliwahi kulipia nyumba iliyotangazwa kuwa iko ufukweni, na kumbe ilikuwa ni mwendo wa robo saa kando ya barabara yenye magari. Ufuo wenyewe ni wa umma, lakini vichochoro vya kuufikia kutoka barabarani ni vichache, na nyumba isiyo na kichochoro karibu huwa ni nyumba ya mjini tu.

Hatua ya nne: mavazi machache, yaliyochaguliwa vizuri

Unadhifu wa pwani una kanuni moja kuu, nayo ni kitambaa. Joto la Mombasa lina unyevu, na nguo ya nailoni hukuaibisha kabla hujafika mlangoni. Chukua pamba na kitani, rangi nyeupe, ya mchanga au ya buluu iliyopauka, nguo zenye nafasi ya hewa kupita. Kwa mwanamume, mashati mawili ya mikono mirefu yanayokunjika, suruali moja nyepesi, kikoi kimoja na makubadhi ya ngozi vinatosha kwa kila kitu kuanzia kifungua kinywa hadi mkahawa wa heshima. Kwa mwanamke, dera moja zuri au gauni refu lisilobana, mtandio na jozi ya leso hufanya kazi ya mavazi kumi, maana leso ni ya kujifunga ufuoni, kujitanda mjini, kujikinga na jua na kutandika chini ukiketi.

Nguo za kuogelea ni za ufuoni. Ukiingia Mji wa Kale funika mabega na magoti, mwanamume kwa mwanamke. Watu wa pale wataona kwamba umekuja kwao kwa heshima, na utaiona tofauti katika jinsi wanavyokuitikia.

Ongeza kofia pana, mafuta ya kukinga jua, dawa ya mbu na viatu vya mpira vya kuingilia majini, kwa sababu kwenye miamba kuna viumbe weusi wenye miba mirefu ambao ukiwakanyaga wikendi yako imekwisha. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya Agosti 2017, na tangu Juni 2020 vyombo vya plastiki vya kutumia mara moja haviruhusiwi katika fuo na hifadhi zilizolindwa, kwa hiyo beba chupa yako ya maji ya kujaza. Kikapu cha ukili utakinunua huko huko.

Ijumaa usiku: usifanye lolote

Treni itakufikisha Miritini, kilipo kituo cha treni cha Mombasa, baada ya saa mbili usiku. Patana bei na dereva kabla ya kuingia garini, au panga mapema na mwenyeji wako akutumie mtu anayemjua. Ukilala Nyali, gari litapita Changamwe, Makupa, Buxton kisha daraja la Nyali, na malori ya bandarini yanaweza kuifanya njia hiyo ya dakika arobaini kuwa ya saa moja na nusu. Kula kitu chepesi kilicho karibu na unapolala, oga, ufungue dirisha. Wenye shauku hutaka kutoka usiku huo huo, nami siwalaumu, lakini Jumamosi ndiyo siku yako pekee iliyo kamili na inastahili kukukuta umelala vizuri.

Jumamosi: asubuhi ya mjini, mchana wa kivuli, jioni ya maji

Nachukulia hapa kwamba umefuata ushauri wangu na umekuja wakati wa bamvua, hivyo maji yamekupwa asubuhi. Kama ni maji mafu, badilisha asubuhi ya Jumamosi na alasiri yake, ukikumbuka tu kwamba kutembea mjini saa tisa alasiri kunahitaji kofia na subira.

Anza na mahamri na mbaazi za nazi kabla ya saa mbili. Hamri zuri huwa limevimba na kuacha nafasi tupu ndani, na ukilipasua moto hutoa harufu ya iliki, na mbaazi humiminwa humo humo kama anayejaza mfuko. Kisha fika Ngome ya Yesu inapofunguliwa saa mbili, kabla jua halijapanda na kabla mabasi ya wanafunzi hayajafika. Wareno waliijenga kati ya mwaka 1593 na 1596 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, Waomani wakaizingira tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698 wakaitwaa, Waingereza wakaigeuza gereza, na mwaka 2011 UNESCO iliiandika katika orodha ya urithi wa dunia. Usijaribu kusoma kila kibao. Tazama vitu vilivyopatikana katika Santo António de Taná, meli ya Wareno iliyozama mbele ya ngome hiyo mwaka 1697, kisha panda juu ya ukuta unaotazama bahari, ukae hapo dakika kumi kwenye upepo. Kuta ni za matumbawe, na ukiweka kiganja kwenye upande wa kivuli utahisi ubaridi wa usiku uliopita ungali ndani ya jiwe.

Ukitoka, ingia Ndia Kuu kwa miguu. Mji wa Kale ni mdogo, na saa moja na nusu inatosha kwa mtu asiye na haraka. Tazama milango ya kuchongwa na roshani za mbao, pita mbele ya Msikiti wa Mandhry uliojengwa mwaka 1570, wenye mnara mweupe unaochongoka juu, uteremke hadi Bandari ya Kale. Salimia watu kabla ya kuuliza njia. Mzee aliyeketi barazani huamkiwa kwa shikamoo, na anayesalimiwa vizuri hapa hukuonyesha njia, akakuuliza umetoka wapi, na mara nyingine akakusindikiza. Usimpige mtu picha, hasa akina mama na watoto, bila ya kuomba ruhusa. Ukimwona muuza kahawa mwenye dele la shaba lililowekewa makaa chini, akigonganisha vikombe vyake vidogo visivyo na mikono, simama unywe kikombe kimoja. Kahawa hiyo ni chungu na ina tangawizi, haitiwi sukari, na ndiyo maana huuzwa pamoja na kashata.

Kutoka hapo nenda Mtaa wa Biashara kwa ajili ya leso. Hapa ndipo ninaposimama muda mrefu kuliko popote, na naomba nawe usiharakishe. Leso huuzwa kwa jozi isiyokatwa, vipande viwili vimeungana. Muuzaji akikukunjulia, tazama kwanza pindo, ambalo linapaswa kuzunguka pande zote nne bila kukatika, kisha mji, yaani sehemu ya katikati, kisha usome jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa juu ya pindo la chini. Wenyeji huchagua kwa jina kabla ya rangi, kwa sababu leso unayompa mtu inasema naye, na jina la kijembe likimfikia mama mkwe huna pa kujificha. Ukishaichagua, mpelekee fundi mwenye cherehani aliyeketi nje ya duka, aikate na kuipinda palepale ukimtazama. Kwa wanaume kuna vikoi, na kizuri huwa kimefumwa, mistari ya pindo ikionekana sawasawa pande zote mbili za kitambaa.

Kama una nguvu bado, soko la Mackinnon, ambalo kila mtu huliita Marikiti, liko karibu, na wauza viungo wake watakupimia iliki, mdalasini na bizari ya pilau. Nunua kidogo, kwa kuwa viungo vilivyosagwa hupoteza harufu baada ya miezi michache. Saa tano na nusu inapofika, acha. Joto la saa sita hadi saa tisa si la kushindana nalo.

Chakula cha mchana kiwe cha kukaa. Wali wa nazi na samaki wa kupaka ndio ninaoupendekeza, samaki aliyechomwa makaani kisha akapakwa mchuzi mzito wa nazi, ukwaju na bizari, akarudishwa motoni hadi mchuzi ukashika ngozi yake. Kisha rudi ulale. Nasema hili kwa uzito wote. Watu wa pwani hufunga maduka mengi mchana, wakala, wakasali, wakajinyoosha, na hawakufanya hivyo karne zote hizo kwa uvivu. Mgeni anayeutumia mchana huo kuzunguka huwa hana jioni.

Saa kumi maji yamejaa. Ogelea kati ya ufuo na mwamba, ambako mawimbi yamekwisha kuvunjika, na ujiepushe na milango ya mwamba, yaani zile nafasi ambazo maji hupitia kuelekea bahari kuu, kwa kuwa mkondo wake huvuta kwa nguvu maji yanapoanza kupwa. Vijana wa ufuoni watakujia na vinyago, safari za mashua na ngamia. Jibu la upole na la wazi, lililotamkwa mara moja pamoja na salamu, linatosha. Ukitaka mashua, patana bei, muda na idadi ya majaketi ya kuokolea kabla ya kupanda. Makombe na matumbawe usiyanunue wala usiyaokote, kwani hayo ndiyo makazi ya viumbe unavyokuja kuvitazama.

Kwa jioni una njia mbili. Aliyelala Nyali akae ufuoni aungoje mwezi. Aliyelala kisiwani aende bustani ya Mama Ngina, iliyofanyiwa ukarabati mwaka 2019, penye mibuyu mikubwa ya kale na ukingo unaotazama mlango wa bandari, ambako meli za makontena hupita karibu kiasi cha kumwona mtu aliyesimama sitahani. Hapo kuna muhogo wa kukaanga uliopasuliwa, ukatiwa pilipili na ndimu, na kuna madafu. Mwambie muuzaji kama unataka dafu la maji mengi au lenye nyama, naye atalipigapiga kwa kidole asikilize, alikate juu kwa panga, na ukimaliza kunywa alipasue na kukuchongea kijiko kutoka kwenye kumbi lake. Nyama iliyo tayari huachana na fuu kama utando wa maziwa.

Chakula cha usiku kinaweza kuwa cha mkahawa wa heshima kando ya mkondo wa Tudor, ukiwa umevaa lile shati la kitani au lile dera, au mishkaki na viazi karai kwenye kibanda chenye wateja wengi. Mkahawa uagize meza mapema wiki hiyo. Kibanda kinahitaji tu uende mahali ambapo familia za wenyeji zimekaa na watoto wao.

Jumapili: acha asubuhi wazi

Usipange chochote kabla ya saa nne isipokuwa kuamka kwa ajili ya jua, ukipenda. Tembea kwenye mchanga maji yakiwa yanakupwa, ukivaa vile viatu vya mpira ukifika kwenye mawe. Wenye watoto wanaweza kwenda Haller Park huko Bamburi, mahali palipokuwa machimbo matupu ya kiwanda cha saruji hadi René Haller alipoanza kupanda mivinje mwaka 1971, na leo ni msitu wenye twiga na viboko. Wasio na watoto wangefanya vyema kubaki walipo na kitabu.

Funga mzigo kabla ya kuoga mara ya mwisho, uweke juu kabisa nguo kavu ya safari, na uanze njia ya Miritini saa sita na nusu, bila kuchelewa zaidi ya saa saba, kwa sababu Makupa haina huruma na treni haingoji. Njiani nunua haluwa, kashata, achari ya maembe na mabuyu mekundu ya kuwapelekea uliowaacha nyumbani. Achari itie kwenye chombo kinachofunga kwa skrubu, uishike mkononi, kwani nimewahi kufika Nairobi na kikoi kipya chenye mafuta ya pilipili.

Ndani ya behewa kiyoyozi ni kikali, kwa hiyo ile leso uliyopindiwa Mtaa wa Biashara iwe karibu, si juu kwenye rafu. Ukiweza kupata kiti cha dirishani, kaa macho baada ya saa kumi na moja jioni. Reli imenyanyuliwa juu ya tuta katikati ya Tsavo, joto limepungua, na huo ndio wakati ndovu hutoka vichakani kwenda majini, wamejipaka vumbi jekundu hadi masikioni.